Mizani Imeshika Mtandao, Lakini Nambari ni ya Nani?



Leo tunaanzia Silibwet, kaunti ya Bomet. Ni saa saba mchana na kila mtu anaangalia mawingu, maana mvua ya huku haina mazoea ya kuchelewa. Kwenye kituo cha kununulia majani chai, foleni imefika hadi barabarani. Akina mama wamemwaga majani mezani, wanatoa vijiti na yale makubwa, kwa sababu kiwanda kinataka majani mawili na chipukizi. Karani anatundika gunia. Kadi ya mkulima inasomwa, kifaa cha mkononi kinalia, karatasi ndogo inatoka. Kilo 14.5. "Haya, mwingine!"

Tulimwuliza mama aliyepimiwa hizo kilo kama meseji imeingia kwa simu yake. Alicheka.

"Meseji inaingia kwa simu ya mzee. Mimi kazi yangu ni kuchuma."

Tulirudi ofisini na hilo jibu, na mpaka leo halijatutoka. Ile mizani inaongea na kifaa cha karani. Kifaa kinaongea na kompyuta ya kiwanda. Kompyuta ya kiwanda inaongea na benki au sacco, na mwishowe pesa inaongea na simu. Kila chombo kwenye hiyo njia kinajua kwamba leo kuna kilo 14.5. Mtu ambaye hajaambiwa ni yule aliyezichuma.

Siku hizi kila mahali tunasikia habari za vifaa vilivyounganishwa na mtandao: mizani, mita, sola, pampu, mashine za kiwandani. Wengi husema vinaleta uwazi. Sisi tunakubali nusu. Msimamo wetu ni huu: kifaa kikishaunganishwa, kazi ya mtu inageuka kuwa rekodi, na rekodi huenda kwa nambari iliyoandikwa. Kabla ya kusifu mashine, uliza nambari iliyoandikwa pale ni ya nani.

Na tuseme ukweli mapema: sisi ni kampuni ya malipo kwa simu. Kila kifaa kinacholipiwa kwa simu kinatuletea biashara. Kwa hivyo tusome kwa jicho kali, lakini tusome hadi mwisho.

Kutoka kalamu hadi kadi

Wenye umri wanakumbuka mizani ya kuning'inia, ile yenye uso kama wa saa. Sindano inatikisika, karani anaiangalia, anaandika kwa kalamu kwenye kitabu chenye karatasi ya kaboni. Sindano ikisimama kati ya 14 na 15, ni kilo ngapi? Ni zile karani amesema. Hapo uondoe ya gunia, uondoe ya maji kama kumenyesha, na mkulima anabaki akihesabu kwa vidole huku lori linaondoka. Malalamiko ya kilo kukatwa ni ya zamani karibu kama chai ya wakulima wadogo yenyewe.

Na wakulima hao si wachache. Shirika la serikali la kusimamia chai ya wakulima wadogo lilianzishwa mwaka 1964. Mwaka 2000 likageuzwa kuwa kampuni ya binafsi, ndiyo KTDA tunayoijua leo, na linahudumia wakulima zaidi ya 600,000. Hapa Bomet, viwanda kama Kapkoros na Tirgaga viko kwenye mpango huo, na wakulima ndio wenye hisa. Yaani mkulima anapimiwa majani na kampuni yake mwenyewe, na bado anahitaji risiti. Hakuna ubaya. Hata ndugu wakiuziana ng'ombe, huandikiana.

Mizani ya kielektroniki ilileta mambo matatu. Kwanza, namba inaonekana wazi kwenye kioo, haibishaniwi kama sindano. Pili, uzito unaingia moja kwa moja kwenye kifaa, bila kupitia kalamu ya mtu. Tatu, kadi ya mkulima inafunga hizo kilo na jina lake papo hapo. Mtandao ukiwepo, rekodi inatumwa kiwandani. Ukikosekana, na huku kwetu mabondeni unakosekana sana, kifaa huiweka na kuituma baadaye kikishika mtandao.

Hapo kuna jambo dogo ambalo wateja wengi hulikosea. Meseji ikichelewa, usikimbilie kusema umeibiwa. Inawezekana rekodi bado iko kwenye kifaa. Lakini usitupe ile karatasi mpaka meseji iingie na namba zifanane. Tena karatasi hizo zinachapishwa kwa joto, hazina wino. Ukiiacha kwenye jua au mfukoni karibu na mwili, baada ya wiki chache imefifia na huna ushahidi. Ipige picha siku hiyo hiyo.

Kwa nini tunasumbuka hivi na nusu kilo? Kwa sababu kilo ya majani chai hulipwa mara mbili. Kuna malipo ya kila mwezi, halafu kuna bonasi ya mwisho wa mwaka, ambayo pia huhesabiwa kwa kilo ulizopeleka. Kilo iliyopotea leo itapotea tena wakati wa bonasi.

Tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme unapoteza nusu kilo kila unapopima, na unapima mara 12 kwa mwezi. Hizo ni kilo 6 kwa mwezi, kilo 72 kwa mwaka. Kama malipo ya mwezi ni shilingi 25 kwa kilo, umepoteza shilingi 1,800. Kama bonasi ni shilingi 20 kwa kilo, ongeza 1,440. Jumla ni shilingi 3,240. Kwa familia yenye mtoto anayeenda shule, hiyo ni sare na viatu. Na hayo ni ya nusu kilo tu, ile ambayo watu husema "wacha iende".

Kile kiwanda kinapata

Mkulima anaona mizani kama chombo cha kumlinda. Ni kweli, lakini kiwanda hakikununua mizani kwa ajili ya mkulima peke yake. Rekodi hiyo inafanya kazi nyingine kubwa upande wa pili.

Majani chai hayangoji. Yakishachumwa yanaanza kubadilika, na yakikaa yamebanwa kwenye gunia yanapata joto na kuharibika. Zamani meneja wa kiwanda alijua kiasi cha majani lori likifika getini. Sasa anaweza kujua mapema kituo gani kina kilo nyingi na lori liende wapi kwanza. Ndani ya kiwanda, majani yananyaushwa kwa saa nyingi, mara nyingi kati ya 12 na 18, kabla ya kukatwa, kuchachuka na kukaushwa. Kwa hesabu ya kawaida, karibu kilo 4 hadi 5 za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai iliyokauka. Kosa dogo la joto au muda, na chai ya watu elfu moja inashuka bei kule mnadani Mombasa.

Ndiyo maana viwanda vinapenda vifaa vinavyopima joto na unyevu na kutuma habari vyenyewe. Kule Nandi, kwenye kiwanda cha Sisibo, watafiti waliwahi kujaribu kamera ndogo iliyounganishwa na kompyuta inayotosha kiganjani, ili itambue kwa rangi wakati chai imechachuka vya kutosha. Kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na mtu mwenye uzoefu, kwa macho yake, pua yake na ulimi wake.

Tunasema haya ili uone kitu kimoja. Rekodi ya kilo zako ina thamani kwa kiwanda kabla hata wewe hujaisoma. Inapanga malori, inapanga wafanyakazi, inapunguza hasara. Kama kitu kimetoka kwenye mgongo wako na kina thamani kwa wengine, una haki ya kupata nakala yake. Hiyo si hisani.

Siku hizi huuziwi kitu, unalipia kukitumia

Tutoke kituoni kidogo twende nyumbani, kwa sababu mambo ni yale yale. Wateja wetu wengi wa Silibwet wana kifaa kilichounganishwa na mtandao hata kama hawakiiti hivyo.

Chukua sola ya kulipa pole pole. M-KOPA ilianza kuuza sola kwa njia hii Kenya mwaka 2012. Ndani ya kile kisanduku kuna laini ya simu. Ukilipa kwa simu, taa zinawaka. Usipolipa, kifaa kinajifunga mpaka utakapolipa. Baadaye kampuni mbalimbali zikaleta televisheni, friji, pampu za maji na simu kwa utaratibu huo huo. Nairobi kuna watu wanapika kwa gesi yenye mita juu ya mtungi: unalipa shilingi chache, unapika chai, mita inajifunga.

Si sisi tulioanza hii biashara duniani. Rolls-Royce kwa miaka mingi imekuwa ikiwapa mashirika ya ndege injini kwa malipo ya kila saa ambayo injini imefanya kazi. Shirika la ndege hulipia kuruka, na kazi ya kuitunza injini ni ya mwenye kiwanda. Wazo ndilo hilo hilo lililofika kijijini kwetu, ila sasa injini ni taa ya sola na shirika la ndege ni wewe.

Biashara hii ina uzuri wake. Mtu asiyeweza kutoa shilingi 15,000 mara moja anaweza kutoa 50 kila siku. Muuzaji naye hawezi kukuuzia kitu kibovu halafu akapotea, kwa sababu kikifa utaacha kulipa. Lakini ina uchungu wake, na uchungu huo mara nyingi umejificha kwenye hesabu. Mfano tena: amana ya shilingi 3,000, halafu shilingi 50 kwa siku kwa siku 365. Shilingi 50 ni bei ya maziwa kidogo na mandazi. Ila 50 mara 365 ni 18,250. Ukiongeza amana, umelipa 21,250. Inawezekana ni bei nzuri, inawezekana si nzuri. Huwezi kujua kama hukuuliza jumla kabla ya kuweka sahihi.

Na hapa tena linarudi swali letu. Kile kifaa kimesajiliwa kwa nambari ya nani? Tumeona familia ambapo mama ndiye aliyelipa karibu kila siku kutoka pesa ya maziwa, lakini kifaa kiko kwa jina la kijana aliyehamia mjini. Siku ya kumaliza deni, yule kijana ndiye anahesabika kama mteja mzuri. Yeye ndiye atakubaliwa mkopo wa pili. Mama aliyelipa hana historia yoyote.

Tukumbuke pia mita za tokeni. Mwishoni mwa 2024, wateja wa Kenya Power waliambiwa wasasishe mita kabla ya tarehe 24 Novemba, kwa sababu mita za tokeni za mfumo huo kote duniani zilikuwa zinafikia mwisho wa hesabu yake ya tarehe. Watu wakabonyeza tokeni tatu, kila moja namba 20. Wapangaji wengi walishtuka siku hizo: meseji za tokeni zilikuwa zinaenda kwa mtu mwingine anayewanunulia, au hawakuwa na nambari ya mita. Umeme ni wako, nyumba unaishi wewe, lakini taarifa iko kwa mwingine.

Nambari ni ya nani?

Sasa turudi kwa yule mama wa kilo 14.5. Tumeona hali nne ambazo hujirudia, na zote zinaweza kurekebishwa.

Hali ya kwanza ni ya nyumba. Shamba liko kwa jina la baba, kadi iko kwa jina la baba, nambari ya simu ni ya baba. Anayechuma ni mama na wasichana. Hatusemi baba ni mbaya. Wazee wengi hununua unga, hulipa karo, na hawafichi kitu. Lakini ukiwa huoni kilo, huwezi kuuliza swali. Mwezi ukiisha na pesa ikawa kidogo, utaambiwa "majani yalikuwa machache" na huna la kujibu, hata kama mgongo wako unakumbuka vingine. Tunaona nyumba zenye amani zaidi ni zile ambazo meseji inasomwa mezani na wote.

Hali ya pili ni ya mchumaji wa kibarua. Huyu analipwa kwa kilo na mwenye shamba. Kilo zinapimwa kituoni kwa kadi ya mwenye shamba, pamoja na za wengine. Akichuma kilo 30 na mwenzake 22, mizani inaona 52 za mwenye shamba. Mgawanyo unabaki kwenye daftari, au kichwani. Yaani mashine imeondoa ubishi kati ya mkulima na kiwanda, lakini ubishi kati ya mkulima na kibarua umebaki ulivyokuwa enzi za kalamu. Kama wewe ni mwenye shamba, pima kila mchumaji peke yake kabla ya kuunganisha, mtumie kilo zake kwa meseji siku hiyo hiyo, na umlipe kwa simu. Kulipa kwa wiki badala ya kila siku kunapunguza ada. Mchumaji naye atakuwa na rekodi ya kazi yake, kitu ambacho pesa ya mkononi haimpi.

Hali ya tatu ni ya laini iliyopotea. Mkulima alisajili nambari miaka mingi iliyopita, simu ikaibwa, akanunua laini nyingine, hakurudi kubadilisha. Au mzee amefariki na watu wanaona aibu kuligusa jambo lake. Kumbuka kwamba laini ikikaa bila kutumika muda mrefu, kampuni ya simu inaweza kuiuza kwa mtu mwingine. Basi kilo zenu zinasomwa na mtu Kisumu au Malindi, anashangaa hizi ni meseji gani za majani chai.

Hali ya nne ni ya kuazima. Mtu hana kitambulisho karibu, au hana simu, anaandikisha nambari ya jirani "kwa sasa". Kwa sasa inageuka miaka mitano. Siku mkikosana, utajua ulichoandika.

Rekodi ni dhamana, kwa hivyo ilinde

Zamani mtu akitaka mkopo aliulizwa hati ya shamba. Leo mkopeshaji anaweza kuuliza kilo zako za miezi 12. Sacco na wakopeshaji wanaofanya kazi na wakulima wa chai huangalia kilo na malipo yaliyopita kabla ya kutoa pesa. Kwa mtu asiye na hati, huo ni mlango. Lakini ni mlango unaofunguka pande mbili. Rekodi ile ile inayokusaidia kukopa inamwambia mtu mwingine pesa yako inaingia lini na kiasi gani.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua ni habari gani zako zinashikiliwa, kuziona, na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Kwa hivyo ukienda kiwandani kuuliza rekodi ya kilo zako, huendi kuomba. Tangu mwaka 2022, wakopeshaji wa mitandaoni pia wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na orodha ya wenye leseni hutangazwa. Anayekupigia akisema "tumeona kilo zako, tukupe pesa", angalia kwanza kama yumo kwenye orodha.

Jihadhari hasa msimu wa bonasi. Kila mtu anajua majira ya bonasi, na matapeli wanajua pia. Meseji ya uongo huja ikisema bonasi imetumwa kimakosa, rudisha. Usirudishe chochote kabla ya kuangalia salio lako mwenyewe. Na namba ya siri haitolewi kwa mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wetu. Sisi hatuiulizi.

Kwa wanaosema mashine ni mwizi, na kwa wanaosema ni malaika

Kuna watu wanatuambia, "Hata hiyo mizani ya umeme inaweza kuchezewa." Ni kweli. Mizani yoyote ya biashara inaweza kuwekwa vibaya, kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Ndiyo maana sheria ya vipimo na mizani inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Angalia muhuri. Angalia kama kioo kinasoma sufuri kabla gunia halijatundikwa. Uliza ni gramu ngapi zinaondolewa za gunia, na kama ni zile zile kwa kila mtu. Ukiuliza kwa adabu, karani mwaminifu hatakasirika.

Kuna wengine wanasema jambo zito zaidi: kwamba mashine zinakula kazi. Hatuwezi kulipuuza. Mei 2023, hapo jirani Kericho, mashine za kuchuma chai za shamba kubwa zilichomwa moto kwenye maandamano, na damu ikamwagika. Mashine moja inaweza kufanya kazi ya watu wengi. Kwa kijana aliyetegemea kikapu, maneno kama "ufanisi" hayana ladha. Sisi hatuna dawa ya jambo hilo, na tungekuwa waongo kusema kwamba programu ya simu itarudisha kazi hizo. Tunachosema ni kwamba mtu mwenye rekodi ya kazi yake anaingia kwenye mazungumzo hayo akiwa na kitu mkononi. Aliyechuma miaka kumi bila meseji hata moja, siku mashine ikija, ni kama hakuwahi kuwepo.

Fanya hivi wiki hii

1. Nenda kituoni au kiwandani uulize ni nambari gani ya simu iko kwenye akaunti yako. Kama si sahihi, ibadilishe ukiwa na kitambulisho.
2. Kama mwenye kadi amefariki, usiiache hivyo. Uliza kiwanda utaratibu wa kuhamisha akaunti kwa warithi.
3. Piga picha ya kila risiti. Linganisha na meseji. Mwisho wa mwezi jumlisha kilo na uone kama malipo yanafanana.
4. Kama unachuma na si wewe mwenye kadi, omba meseji itumwe kwako kila ikiingia. Kwa mzee, sema hivi tu: "Baba, nisomee kilo za leo." Hakuna vita hapo.
5. Kama unaajiri wachumaji, walipe kwa simu, kwa jina lao. Hakikisha jina linalotokea ni lake kabla ya kutuma.
6. Kabla ya kuchukua kifaa cha kulipa pole pole, uliza maswali matatu: jumla ni ngapi, kikiharibika nani anatengeneza, na nikimaliza kulipa kitafunguliwa kabisa lini? Kisajili kwa nambari ya anayelipa.

Na sisi tuna deni letu. Haitoshi kumwambia mkulima asome meseji kama meseji yenyewe imejaa vifupisho ambavyo hata karani hajui. Kampuni za malipo, pamoja na viwanda, zinafaa kuandika kwa lugha ambayo mtu wa darasa la nne anaelewa: tarehe, kituo, kilo, jumla ya mwezi, basi. Tena viwanda vifikirie kuruhusu nambari mbili kwenye akaunti moja, ya mwenye shamba na ya anayechuma, kama wote wamekubali. Mashine haiwezi kushindwa kutuma meseji mbili. Tukiwa kwenye meza na viwanda, hilo ndilo tutasema, na ninyi mtuulize tulifika wapi.

Kilo ni jasho. Jasho likishageuka kuwa meseji, hakikisha inafika kwa aliyetoka jasho. Ukipita kituo cha Silibwet wiki hii kabla mvua haijaanza, usiondoke na karatasi tu. Uliza nambari.